Kaka Mabula, nyumba ya Igogo isiuzwe

Vienna, Februari 2026

Kaka Mabula,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima na mguu wa Mama umepata nafuu. Huku baridi ipo, kazi ipo, hatujambo.

Habari ya kuuza nyumba ya Igogo mkajenge Kishiri, pembezoni mwa Mwanza, halafu mimi niongezee hela ya gari, imeninyima usingizi. Mmekaa kikao bila mimi wala Doto. Limeniuma, na nakwambia wewe mwenyewe kabla Baba Mdogo hajalitia chumvi.

Gari sitanunua. Mwenyewe sina, na sitaki. Nina tiketi ya mwaka. Kuanzia 2012 hadi mwaka jana ilikuwa euro 365, yaani euro moja kwa siku. Sasa imepanda, lakini bado napanda nayo treni ya chini ya ardhi, tramu na basi jiji zima. Wenye tiketi hiyo hapa ni wengi kuliko magari yaliyosajiliwa. Daktari wetu mkuu tunabanana naye kwenye tramu asubuhi. Halafu mwambie Mama nimekuwa msimamizi wa zamu, wauguzi wote wa ghorofa yetu wako chini yangu!

Wanaonifurahisha zaidi ni vikongwe. Tramu ikisimama, sakafu yake inakaribia kulingana na ukingo wa kituo, bibi anasukuma kigari chake cha kutembelea anaingia bila kushikwa mkono. Namkumbuka Mama na daladala za Igoma, konda ameshagonga bodi na mguu wake mmoja bado uko chini.

Sasa umtoe Igogo, anakokwenda hospitali ya Bugando kwa miguu na jumuiya iko mlango wa tatu, ukamweke Kishiri asubiri wewe utoke kazini uwashe gari?

Video mlizonitumia za magari yanayojiendesha nimeziona. Gari likijiendesha bado ni gari, na jioni pale Mkuyuni litakaa kwenye foleni kama mengine. Mimi naitakia Mwanza njia za miguu zisizopitwa na bodaboda, na mabasi makubwa yanayojulikana saa zake kutoka Nyegezi hadi Buzuruga. Dar wana mwendokasi tangu 2016, sisi je? Na ziwa tunalo mlangoni. Boti za abiria kutoka Luchelele hadi Kirumba zingeokoa watu wangapi na foleni!

Hapa barabara yao kubwa ya maduka, Mariahilfer Straße, waligombana sana kabla ya kuwapa waenda kwa miguu. Tangu 2015 watu wanatembea katikati, na maduka yamejaa. Nikipita huwa nawaza Makoroboi, mimi na Doto tumebeba mitumba huku tunakwepa pikipiki. Siku hiyo lazima nitamani sato wa Mwaloni na upepo wa jioni juu ya mawe yetu. Samaki wa huku hana ladha, kaka.

Nitakachotuma ni hela ya fundi. Pale kwenye jiwe la kwa mzee Lusato panapoteleza mvua ikinyesha, zijengwe ngazi za zege zenye bomba la kushikilia, na mtaro wa mbele ufunikwe. Majirani nao watapita, wapite. Hela itaingia kwa Doto.

Usisaini karatasi yoyote. Nitapiga Jumapili baada ya misa, Mama awepo, simu iwe kwenye spika. La ng'ombe wa Magu tutalimaliza hapohapo.

Mdogo wako,
Kulwa