Harufu imekatika, lakini usitulie bado

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata juzi, nimeisoma mara mbili nikiwa bado nimesimama mlangoni. Unasema halmashauri wamelifunika lile dampo kwa udongo, wakalishindilia, harufu imekatika na majirani wameanza tena kufungua madirisha. Nimefurahi, hasa kwa ajili ya watoto. Ila kuna jambo limeninyima usingizi, na nisipokuambia mimi sijui nani atakuambia.

Harufu si kipimo cha hatari. Ile harufu ya yai viza inatokana na haidrojeni salfaidi, ambayo ni sehemu ndogo sana ya gesi ya dampo. Takriban nusu ya gesi hiyo ni methani, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kabonidioksaidi. Zote mbili hazinuki. Methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ya chumba, cheche ya swichi inatosha kuilipua. Kwa hiyo pua zenu zinaposema shwari, kuhusu methani hazijasema lolote.

Na huo udongo ndio ulionishtua zaidi. Taka huendelea kuoza na kutoa gesi kwa miongo kadhaa baada ya lori la mwisho kuondoka. Dampo likiwa wazi, gesi nyingi hupanda na kupotea hewani. Ukiliziba juu bila kuitengenezea gesi njia ya kutokea, itajitafutia ya pembeni: kwenye mchanga, kwenye nyufa za miamba, kwenye mtaro uliolazwa bomba la maji au nyaya, mpaka chini ya sakafu ya mtu.

Kwetu ilianza hivyo hivyo. Tulipolalamika, alikuja afisa mmoja, mchana wa jua kali. Akasimama getini, akainua juu kifaa chake cha kupimia gesi, akaandika kwamba hakuna gesi, akaenda zake. Tukaamini. Wiki kadhaa baadaye mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi, dimbwi lililotuama kando ya msingi wa nyumba lilikuwa linatoa mapovu, madogo madogo, mfululizo, mahali pale pale, kama sufuria inayokaribia kuchemka, na maji yenyewe ni ya baridi. Niliinama nikiyatazama mpaka jirani akaniuliza nimedondosha nini. Hapo ndipo nilipokumbuka ule mstari wa majani uliokauka kando ya ukuta huku bustani nyingine yote ikiwa kijani.

Safari ya pili alikuja fundi mwanamke. Getini hakusimama. Aliomba afunguliwe kabati la chini ya sinki, akapenyeza mrija pale bomba linapotokea ukutani, akatazama namba, akanyamaza. Kisha akasema taratibu, bila kututisha: msiguse swichi yoyote, acheni milango wazi, tokeni nje. Namshukuru mpaka leo. Ofisi ni ile ile, na kifaa ni kile kile. Tofauti ni mahali alipopima, na siku aliyopima.

Siku ina uzito kuliko tunavyodhani. Kule Uingereza, kijiji cha Loscoe, tarehe 24 Machi 1986, nyumba ilisambaratishwa na gesi iliyosafiri ardhini kutoka dampo la jirani. Watu 3 waliokuwemo waliumia vibaya. Uchunguzi ulionyesha kwamba mgandamizo wa hewa ulikuwa umeshuka kwa milibari 29 ndani ya saa 7. Hewa ya juu inapolegea, gesi iliyojibana ardhini hutoka kwa kasi. Sasa afisa anayekuja siku tulivu yenye jua atakuta nini?

Wala usidhani yamepita na miaka ya zamani. Kule Australia, eneo la Cranbourne karibu na Melbourne, nyumba zilijengwa jirani na dampo lililokuwa shimo la kuchimbia mchanga, halikuwekewa tabaka la kuzuia chini wala pembeni. Dampo lilifungwa mwaka 2005. Mwaka 2008 familia zikashauriwa kuhama kwa sababu ya methani. Ripoti ya mwaka 2009 ilizikosoa vikali halmashauri na mamlaka ya mazingira, na wakazi walipokwenda mahakamani kesi ikamalizwa kwa maelewano ya dola za Australia milioni 23.5. Fedha kama hizo zingechimba visima vingapi vya kuvuta gesi na kuichoma kabla mtu hajafungasha virago?

Najua watumishi wengi wa halmashauri wana nia njema na bajeti finyu, sitaki muende kwa ugomvi. Ila msiwaulize kama ni salama, kwa maana watajibu ndiyo, na ndiyo haina namba. Waulizeni wamepima wapi, saa ngapi, mgandamizo wa hewa ulikuwaje, wamepata asilimia ngapi. Ombeni majibu kwa maandishi. Ombeni pia mashimo ya kudumu ya kupimia kati ya dampo na nyumba, yasomwe hasa hali ya hewa inapochafuka, na vipimo vya ndani: kwenye chemba, chini ya masinki, kwenye vyumba visivyopitisha hewa. Nyumba za mstari wa kwanza ziwekewe ving'ora vya methani. Sisi tulipeleka barua moja yenye sahihi za mtaa mzima, na diwani aliisoma mwenyewe kwenye kikao. Kabla ya hapo tulikuwa tunakwenda mmoja mmoja na kurudishwa mmoja mmoja.

Halafu ile stoo yako, ile isiyo na dirisha iliyoegemea upande wa dampo. Nakusihi, usiingie humo na kiberiti wala mshumaa, na uiache mlango wazi mpaka waje kuipima. Wakija, simama nao, ujiandikie namba mwenyewe, kisha unitumie siku hiyo hiyo.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako