Mnara wa Livingstone na walioubeba mwili wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze kazi ambayo jumuiya yetu ndogo ya Kikristo hapa Bagamoyo imejipa kuhusu haki na usawa wa watu wa rangi zote, kwa kuwa nimewasikia waumini wakisema kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani na Waafrika Kusini.

Yanatuhusu. Mgeni anayefika kwenye misheni iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868 huonyeshwa Mnara wa Livingstone, ambako mwili wa David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, ulipumzishwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Walioufikisha kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, kwa mwendo wa takriban miezi tisa, walikuwa Waafrika wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, huyu wa pili akiwa Myao aliyeokolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861. Wala wawili hao hawakuwapo London marehemu alipozikwa Aprili 18, 1874. Watoto wetu wa mafundisho walipoulizwa ni nani waliobeba, walijibu kwamba ni “wapagazi”, basi.

La kwetu wenyewe ni zito zaidi. Mzungu akiingia misa ikiwa imeanza, bibi wa miaka themanini huinuliwa ili kumpisha kiti cha mbele, ingawa Mzungu mwenyewe hakuomba (mara nyingi huona haya). Tena ziko posa zilizovunjika kwa mnong’ono tu kwamba babu yake kijana alinunuliwa, katika mji huu ambamo watumwa walipitishwa kwenda Zanzibar na wengine wakakombolewa na misheni hiyohiyo.

Tumekubaliana, baada ya ubishi mkali, kwamba watoto wafundishwe majina ya Susi na Chuma, kwamba mgeni akae palipo na nafasi, na kwamba anayeleta habari za utumwa wa mababu katika posa aitwe na wazee wa jumuiya. Jambo la posa limekwama, kwani baadhi ya wazee hao ndio wanaonong’ona.

Wasomaji waliosimuliwa na wazazi wao habari za maisha katika kijiji cha waliokombolewa, kazi za mashambani na kanuni walizowekewa na mapadre, watusaidie kuzihifadhi kabla wazee hawajaondoka nazo.

Mwanajumuiya,
Bagamoyo