Zile filamu mbili alizozificha mhakiki wenu

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma mara tatu makala ya mhakiki wenu wa filamu iliyotoka Jumapili iliyopita, ile aliyoipa jina "Raha za aibu". Mara ya kwanza niliifurahia. Mara ya pili nikaanza kukereka. Mara ya tatu nikachukua kalamu.

Mhakiki anasema kila mpenzi wa sinema ana filamu anazozitazama akiwa amefunga mlango, filamu mbovu ambazo mtu mwenye akili zake hawezi kuzitetea mbele za watu. Anakiri kwamba yeye anazo tano. Tatu akazitaja. Mbili akakataa kuzitaja, akaandika kwamba atazikwa nazo. Hapo ndipo nilipokwama. Kazi ya mhakiki ni kutueleza kwa ukweli kile skrini ilichomfanyia, na miaka yote nimemsoma kwa heshima kwa sababu hiyo. Akiogopa yeye kuitaja filamu anayoipenda, msomaji wa kawaida atapata wapi ujasiri?

Mimi nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka 31 na sasa nimestaafu. Zangu nitazitaja mlango ukiwa wazi. Ni nyingi, ila barua ina kiasi chake, kwa hiyo nitazisemea mbili tu.

Ya kwanza ni Anaconda ya mwaka 1997. Kikundi cha wapiga picha wanasafiri kwa boti katika mto Amazon, wanamwokoa mtu njiani, na mtu huyo, anayeigizwa na Jon Voight, anakuwa balaa kubwa kuliko nyoka mwenyewe. Filamu hiyo iliteuliwa mara sita katika tuzo za Razzie, ambazo tangu mwaka 1981 zimekuwa zikitolewa Marekani kwa filamu zinazohesabiwa kuwa mbovu kuliko zote za mwaka. Hata yule nyoka wa mashine aliteuliwa, kama mwigizaji mpya aliyeboronga.

Kuna mahali boti inaonekana ikienda, na nyuma yake yapo maporomoko ya maji. Ukitazama vizuri, maji yale yanapanda. Watengenezaji walihitaji boti inayoelekea upande mwingine, wakachukua picha waliyokuwa nayo wakaiendesha kinyumenyume, na maporomoko yakageuka pamoja na boti. Niliiona filamu hiyo mara mbili bila kugundua. Mara ya tatu niliruka kutoka kwenye kiti.

Wiki iliyofuata nilibeba televisheni ya shule hadi darasani. Kwanza niliwaonyesha wanafunzi jiwe lililofungwa kwenye uzi likibembea mara chache, nililokuwa nimelirekodi mwenyewe, nikawauliza kama picha inakwenda mbele au nyuma. Hakuna aliyeweza kujua, na hakuna anayeweza, kwa sababu sheria za Newton za mwendo hazijali wakati unaelekea wapi. Kisha nikawawekea maporomoko ya Anaconda. Darasa zima likapiga kelele kabla sijauliza chochote. Nikawaambia basi nielezeni: kila tone la maji linatii sheria zilezile za Newton zinazotiiwa na lile jiwe, kwa nini hapa mmejua mara moja? Tukalijadili swali hilo kwa vipindi viwili. Wakafika wenyewe, kwa maneno yao, kwenye sheria ya pili ya thamodainamiki: matone mamilioni yaliyokwisha kutawanyika, yakapiga mwamba na kuuachia joto lake, hayawezi kujikusanya tena, yakarudi juu kwa mpangilio. Wakati una mwelekeo kwa sababu vitu vingi vikiachwa vyenyewe huelekea kwenye mparaganyiko. Vitabu vyangu vya kiada vilikuwa vinalieleza jambo hilo kwa mchoro wa masanduku mawili ya gesi. Katika miaka yangu yote sikuwahi kumwona mwanafunzi akipiga kelele kwa ajili ya sanduku la gesi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba filamu ni nzuri kwa sababu ya kosa lake. Kuna watazamaji wa aina hiyo na sina ugomvi nao: wapo wanaokusanyika usiku wa manane kuitazama The Room ya Tommy Wiseau, ya mwaka 2003, na kurusha vijiko vya plastiki kila inapoonekana picha ya kijiko iliyo kwenye fremu. Wale wanakwenda kucheka. Mimi Anaconda sikuicheka. Niliiogopa, na ninaiogopa mpaka leo. Voight anamwigiza yule mtu kwa mdomo uliopinda na jicho lisilopepesa, kama mwigizaji ambaye hajaambiwa kwamba yumo katika filamu ya kudharauliwa. Anatoa vyote alivyonavyo. Roger Ebert, mhakiki ambaye hakuna mwandishi wa filamu asiyemjua, aliipa nyota tatu na nusu kati ya nne na hakuomba radhi kwa mtu.

Ebert huyohuyo, mwaka uliofuata, aliipa nyota moja filamu yangu ya pili. Hiyo ndiyo hasa iliyonifanya niandike, maana ni mojawapo ya zile tatu ambazo mhakiki wenu alizitaja, na aliipitia kwa sentensi moja. Ni Armageddon, ya Michael Bay, ya mwaka 1998.

Asteroidi yenye ukubwa wa jimbo la Texas inaijia dunia, na siku zilizobaki ni 18. Serikali ya Marekani inawachukua wachimba visima vya mafuta, inawafundisha kazi ya uanaanga kwa siku chache, inawapeleka kwenye lile jiwe wakalitoboe kwa kina cha futi 800, watie bomu la nyuklia, lipasuke vipande viwili. Ben Affleck, ambaye yumo ndani ya filamu, amesimulia katika maelezo yaliyorekodiwa kwa ajili ya DVD kwamba alimuuliza Bay kwa nini isiwe rahisi zaidi kuwafundisha wanaanga kuchimba, na akaambiwa anyamaze. Swali lake lilikuwa zuri.

Kwa upande wa fizikia, nimeipigia filamu hii hesabu kwa miaka mingi na majibu yake ni mabaya. Futi 800 ni kama mita 244. Chukua asteroidi yenye upana wa kilomita 1,000, kadirio la chini kwa jiwe la ukubwa wa Texas, halafu uipunguze iwe mpira wenye upana wa mita 1. Shimo lao litakuwa na kina cha robo milimita. Huko si kutoboa, ni kukwaruza rangi. Tena Ceres, kitu kikubwa kuliko vyote katika ukanda wa asteroidi ulio kati ya Mars na Jupiter, haifiki upana wa kilomita 1,000, na wanaastronomia waliiona tangu mwaka 1801. Kitu cha ukubwa huo hakiwezi kutujia kimyakimya hadi zibaki siku 18. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha NASA kiitwacho DART kiligonga kwa makusudi jiwe la Dimorphos, lenye upana wa mita 160 hivi. Hakuna aliyejaribu kulipasua. Walilisukuma tu, na muda wake wa kulizunguka jiwe kubwa lililo jirani ukapungua kwa nusu saa na ushei. Hivyo ndivyo kazi inavyofanyika: jiwe dogo, mapema, na kwa msukumo mdogo.

Siku ile ya DART nilipigiwa simu na watu wanne niliowahi kuwafundisha, watu wazima sasa, mmoja ana wajukuu. Wote walianza na neno moja: Armageddon. Walikuwa wanakumbuka mpira na robo milimita. Kwa hiyo hata makosa yake yametufanyia kazi.

Lakini sababu yangu ya kuipenda ni nyingine, na inanilazimu kusimulia jambo la nyumbani.

Katika sinema tulizokulia tulijua kanuni moja: stelingi hafi. Atapigwa, atatoka damu, ataanguka ghorofani, mwisho atasimama. Nilipoitazama Armageddon mara ya kwanza, binti yangu akiwa na miaka 11 ameegemea bega langu, nilikuwa nimetulia kabisa kwa sababu Bruce Willis alikuwa stelingi. Kisha mtambo wa kulipulia bomu unaharibika, inabidi mtu mmoja abaki alilipue kwa mkono, na kura inamwangukia kijana anayetaka kumwoa binti wa Willis. Baba mtu anamsindikiza, anamsukuma arudi ndani ya chombo, anabaki yeye. Anazungumza na binti yake kupitia skrini. Anamwambia kwamba ile ahadi ya kurudi nyumbani hataitimiza. Binti naye anakiri kwamba aliwahi kumwambia baba yake hataki kufanana naye, na kwamba haukuwa ukweli. Anagusa skrini kwa kiganja. Picha inakatika.

Binti yangu aliniuliza, "Baba, si watarudi kumchukua?" Nikasema hapana. Alilia hadi akalala. Mimi nilikaa pale mpaka majina yote yakaisha kupita.

Alipofika miaka 17 tuligombana. Yalikuwa mambo ya masomo, nilikuwa namsukuma achague hesabu na fizikia, na siku moja akaniambia hataki kuwa kama mimi: chaki kwenye mikono ya shati, madaftari ya watu hadi saa sita usiku, na hakuna anayekumbuka kushukuru. Nilimjibu vibaya. Hatukuzungumza vizuri kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Alimaliza masomo yake, masomo aliyoyachagua mwenyewe, akapata kazi mbali, akaondoka. Tulipoagana tulizungumza habari za mizigo.

Miaka miwili baadaye, usiku, simu yangu ikalia. Ujumbe wake ulikuwa na maneno saba: "Baba, leo nimeiona tena. Na mimi nilidanganya."

Sikuhitaji kuuliza ameona nini.

Sasa mhakiki wenu anaposema kwamba filamu hiyo ni takataka ya kutazamwa kwa siri, namwomba afikirie neno alilolitumia. Angesema fizikia yake ni ya ovyo, ningetia saini. Angesema picha zinakatwakatwa haraka hadi mtu hajui nani yuko wapi, ningetia saini tena. Bruce Willis alipewa Razzie ya mwigizaji mbaya kwa filamu zake tatu za mwaka huo, na hii ilikuwa mojawapo. Hayo yote yasemwe. Ila neno aibu si sifa ya filamu. Linanihusu mimi, ninayetazama. Linaniambia kwamba kilichonigusa hakikustahili kunigusa, na katika hilo mhakiki hana ushahidi, kwa kuwa hakuwepo.

Tena historia inatuonya tusiwe wepesi wa kuzika. Katika Razzie za kwanza kabisa, Stanley Kubrick aliteuliwa kuwa mwongozaji mbaya kwa ajili ya The Shining, ambayo leo inahesabiwa miongoni mwa filamu bora za kutisha. Muziki wa Ennio Morricone katika The Thing, ya John Carpenter ya mwaka 1982, nao uliteuliwa kuwa mbaya, na leo wanafunzi wa filamu wanakaa darasani kuusikiliza. Armageddon yenyewe ilitolewa kwenye DVD na Criterion, kampuni ileile inayohifadhi kazi za Kurosawa na Bergman, wale magwiji wa uongozaji.

Na zile asilimia za Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya hukumu za wahakiki, ambazo mhakiki alizinukuu kila aya, kama mwalimu wa hesabu na fizikia naomba zielezwe vizuri kwa wasomaji. Asilimia ile haipimi uzuri. Inahesabu ni wahakiki wangapi kati ya mia walisema ndiyo. Filamu ambayo kila mmoja ameiona ya wastani tu, na akaikubali bila kuisisimkia, inaweza kupata 100. Filamu ambayo nusu wanaiabudu na nusu hawataki kuisikia itapata 50. Nikilisahihisha darasa kwa mtindo huo, mwanafunzi wangu mwenye kipaji cha ajabu na tabia ngumu atakuwa chini ya yule asiyewahi kuuliza swali.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa ukurasa wenu. Mhakiki aendelee kuwa mkali. Ukali wake ndio unaotufanya tumsome. Lakini aandike safu nyingine, ndefu kama ile, na humo azitaje zile filamu mbili alizosema atazikwa nazo. Aseme ni dakika ipi inayomshika, alikuwa na nani alipoiona mara ya kwanza, na alikuwa na umri gani. Nitazitafuta zote mbili, nizitazame hadi mwisho, na binti yangu ameahidi kuzitazama pia huko aliko ili tuzijadili kwa simu.

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu wa fizikia