Hiyo kopo usiinunue

Madison, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na Baba mshikie mkono kwa niaba yangu. Picha ya kopo nimeiona: "vidonge vya seli shina", vya kumtibu mtetemeko. Unaniuliza kama ndivyo ninavyotengeneza huku. Hata havifanani.

Seli shina ni seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingi mwilini. Ninazozilea mimi zinaitwa H9. Mwanasayansi James Thomson na wenzake walizitangaza mwaka 1998, kwenye chuo hikihiki cha Wisconsin, wakizitoa katika viinitete vya siku tano hivi, vilivyobaki kwa wazazi waliotafuta mtoto kwa msaada wa maabara wakaridhia vitumike. Najua utashtuka. Madrasa tulifundishwa roho hupulizwa siku ya 120, nami hujishikiza hapo, ingawa kuna usiku haitoshi.

Nilidhani kuzigeuza ziwe neva ni kuzimwagia dawa. Kumbe ni kuzinyima! Zina ishara zinazoziita ziwe ngozi, damu, utumbo. Ukiziziba ishara mbili, njia iliyochapishwa mwaka 2009, seli zenyewe zinashika njia ya ubongo. Baada ya siku kumi na kitu unachungulia kwenye hadubini, unazikuta zimejipanga duara duara kama waridi, vile zinavyojipanga tumboni uti wa mgongo unapoanza. Siku ya kwanza nilisema "Mashaallah" kwa sauti hadi meza ya pili wakageuka. Kisha ukiziongezea asidi itokanayo na vitamini A, na protini moja nyingine, zinakuwa neva za kuendesha misuli, zinatoa nyuzi ndefu, zinatafutana.

Ila hazina haraka, na hazijui Jumapili. Chakula ni karibu kila siku, joto ni nyuzi 37, ndiyo maana nimetoka kwenye theluji sasa hivi. Mwezi uliopita kuvu iliingia, wiki tano zikaenda jalalani. Nililia chooni.

Ugonjwa wa Baba, Parkinson, unaua seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kwenda sawasawa. Marekani na Kanada, watu 12 wamepandikizwa ndani ya ubongo seli za aina hiyo zilizokuzwa kutoka seli shina. Matokeo yalitoka mwaka 2025: miezi 18, seli hazikuleta madhara makubwa. Dalili za nafuu zipo, lakini kwa watu 12 hayo bado ni majaribio. Na hofu ipo, maana seli ambayo haijageuka ikipenya humo inaweza kuzaa uvimbe. Kwa hiyo kila kitu kinakwenda polepole, nami sioni vibaya.

Sasa huyo muuzaji muulize: seli zake zinakula nini ndani ya kopo? Zangu nikizisahau mezani usiku mmoja, asubuhi nazikuta zimeharibika.

Levodopa, dawa yake ya hospitali, Baba asiiache. Kama hela ya kopo bado hujaitoa, mnunulie viatu visivyoteleza, na uniambie kama bado anashindwa kufunga vifungo vya shati.

Ni mimi, shoga yako