Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kupima Sukari, na Kupima Ilikopita

Ndugu wanachama,

Mwaka jana niliposimama mbele yenu niliahidi kwamba tutapima watu wengi zaidi. Tumepima. Wahamasishaji wetu wamekwenda kwenye nyumba za ibada, shuleni na sehemu za kazi. Watu walipanga foleni, wakatoa kidole, wakapewa karatasi yenye namba, wakaenda zao. Huko kwenda zao ndiko kulikoninyima usingizi mwaka huu, na ndiko nitakakoanzia.

Katibu alipowatafuta waliokutwa na sukari ya juu, ili ajue kama walifika hospitali, alikuta kwamba walio wengi hatukuandika namba zao za simu. Kosa hilo ni la uongozi, na kwanza ni langu. Mtu akiambiwa "sukari yako iko juu, nenda hospitali", kisha asiulizwe tena, hatujamsaidia. Tumemtia hofu tu. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa na kisukari, na kwamba zaidi ya 4 katika kila 10 hawakujua. Sisi tulikuwa na baadhi ya watu hao mikononi, tukawaachia.

Kuna jambo jingine lililowachanganya wengi. Tone la damu ya kidoleni ni la kuchuja watu, si la kumwandikia mtu ugonjwa. Mwanachama mmoja alipima muda mfupi baada ya kula, akaona 9.4, akajinyima chakula wiki nzima hadi akaishiwa nguvu. Maabara walipompima kwa utaratibu, hakuwa na kisukari. Ugonjwa huthibitishwa kwa damu ya mshipani: baada ya kufunga angalau saa 8, sukari ikifika milimoli 7.0 kwa lita, yaani miligramu 126 kwa desilita. Au saa 2 baada ya kunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, ikifika 11.1, yaani 200. Au kipimo cha HbA1c kikifika asilimia 6.5. Asiye na dalili zozote hurudiwa kipimo kabla ya kuambiwa anaumwa.

Hicho cha HbA1c, ambacho wengi wetu tunakiita kipimo cha miezi mitatu, Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2011 kitumike kutambua ugonjwa. Kinaangalia sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi takriban siku 120. Hakihitaji kufunga, na hakidanganywi na mtu aliyejibana siku mbili kabla ya kliniki. Lakini mwenye sikoseli, mwenye upungufu mkubwa wa damu, aliyeongezewa damu karibuni au mama mjamzito, majibu yake yanaweza kupotosha. Ukiwa mmoja wao, mwambie daktari kabla hujatolewa damu. Kina mama wajawazito wana kipimo chao cha glukosi kati ya wiki ya 24 na 28, na aliyekutwa na kisukari cha mimba asisahau kupimwa tena wiki 4 hadi 12 baada ya kujifungua. Hili la baada ya kujifungua husahaulika mno, maana wakati huo mama anamhangaikia mtoto, si nafsi yake.

Sasa nifike kwenye lile ninalotaka tulibebe mwaka mzima. Tumezoea kupima sukari yenyewe. Ilikopita hatupimi: machoni, kwenye figo, miguuni.

Ninaishi na kisukari aina ya pili kwa mwaka wa 11. Kwa miaka 6 ya mwanzo nilihudhuria kliniki bila kukosa. Nilichomwa kidole, nikaambiwa "unaendelea vizuri, mzee", nikapewa dawa, nikarudi nyumbani. Hakuna aliyenitazama ndani ya jicho, wala mimi sikujua kwamba nilipaswa kuomba. Nilipopelekwa hatimaye, walinitia matone ya kupanua mboni, wakapiga picha ya retina, yaani utando wa ndani nyuma ya jicho, na daktari akanionyesha madoa mekundu ya damu iliyovuja. Nilikuwa nikisoma gazeti asubuhi ile ile bila shida yoyote! Nilichomwa mionzi ya leza, jicho likaokolewa, ila pembeni upande wa kushoto sioni kama zamani. Simlaumu mtu kwa jina. Nawasimulia ili asiwepo mwanachama atakayesubiri miaka 6.

Utaratibu ni huu: mwenye aina ya pili apimwe macho mara tu anapogunduliwa, kwa sababu sukari inaweza kuwa juu miaka mingi kabla hajajua. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoa matokeo yake mwaka 1998, zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa wapya walikuwa tayari na mabadiliko kwenye retina. Mwenye aina ya kwanza apimwe ndani ya miaka 5 tangu augue. Baada ya hapo ni kila mwaka, labda daktari wa macho aseme vingine. Siku hiyo uende na mtu wa kukurudisha, maana matone yale hutia ukungu kwa saa kadhaa.

Kwenye figo, dalili za mwanzo hazipo kabisa. Mtu akianza kuvimba miguu kwa sababu ya figo, amechelewa. Kinachotafutwa mapema ni albumini, yaani protini ya damu, kidogo inayopenya kwenye mkojo, na kile kijiti cha kawaida cha kuchovya mara nyingi hakiioni. Ombeni kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa), ikiwezekana kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ukizidi miligramu 30 kwa gramu, msishtuke papo hapo: homa, maambukizi ya njia ya mkojo au mazoezi makali yanaweza kuupandisha. Hurudiwa, na sampuli 2 kati ya 3 ndizo zinazoamua. Pamoja nao hupimwa kreatinini ya damu kujua figo zinachuja kiasi gani. Zipo dawa za kuzilinda, na zinafaa zaidi zikianza mapema. Presha nayo ipimwe kila mnapokwenda kliniki.

Kuhusu miguu, wengi wenu mliona wenyewe kwenye kikao cha robo ya tatu. Muuguzi alikuja na uzi mgumu wa nailoni, unaopinda ukikandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Alimwambia mama mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, afumbe macho na aseme "ndiyo" kila anapoguswa. Mguu wa kulia: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mguu wa kushoto, uzi ulikandamizwa chini ya kidole gumba hadi ukapinda kama upinde, na mama yule amekaa kimya, anasubiri. Akauliza, "Mbona hujaanza?" Ukumbi wote ulinyamaza. Muuguzi alipokung'uta kiatu chake, kikadondosha kijiwe kidogo. Alikuwa ametembea nacho tangu asubuhi, na ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka. Hicho ndicho chanzo cha vidonda vinavyoishia kwenye kukatwa mguu. Nashukuru kwamba mama yule anahudhuria kliniki ya miguu sasa, na mchubuko ulipona.

Kipimo kile huchukua dakika chache na hakihitaji maabara. Sikubali tena kwamba mtu amalize mwaka mzima bila kuvuliwa viatu.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina mwenyewe, naye nimemwomba atenge fungu la nauli kwa wanachama wanaotumwa kupima macho mbali. Kamati imekubali pia mambo haya: hatutapima mtu yeyote bila kuandika namba yake ya simu, na atapigiwa ndani ya wiki 2; kila mwanachama atapewa kadi yenye nafasi za HbA1c, macho, mkojo, kreatinini, mafuta ya damu, presha na miguu, na tarehe ya mwisho ya kila kimoja; na wahamasishaji wote watafundishwa kutumia uzi ule. Nawashukuru wahamasishaji kwa dhati. Wamefanya kazi juani bila malipo, na makosa niliyoyataja si yao.

Kwenye mkutano mkuu, kadi zitajazwa pale pale mlangoni. Njooni na madaftari yenu ya kliniki, hata yale ya zamani yaliyochanika, na vaeni viatu vinavyovulika upesi. Wauguzi wawili watakuwepo tangu asubuhi, na mimi nitakuwa wa kwanza kukalia kiti.

Mwenyekiti wenu