Isale na ming'oko

Mwanangu mpendwa,

Nilifurahi kusikia sauti yako juzi, lakini neno moja halijanitoka. Ulisema huko kwa kina rafiki yako Mtwara "wanakula mizizi", ukacheka. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukusema mbele ya wenzako.

Mizizi hiyo ni ming'oko, viazi vya porini, na mimi nimeila. Nikiwa mwalimu kijana Newala, mama mwenye nyumba aliniletea sahani, imechemshwa na chumvi, bado inafuka mvuke. Wa kwanza niliumenya kwa kumwonea haya, wa pili kwa njaa, kuanzia wa tatu sikuhesabu tena. Kesho yake nilifuatana naye porini, nikaona anavyochimba ameinama jua kali, akiuchomoa taratibu usikatike. Tangu siku hiyo sijawahi kukiita chakula cha mtu mizizi.

Kwake ndiko nilikojifunza kwamba Wamakonde wa asili humhesabu mtoto kwa ukoo wa mama, na kwenye ndoa mjomba ana kauli kubwa. Mimi wa Machame, Uchaggani, ambako ukoo ni wa baba na kihamba, shamba la migomba la ukoo, hurithiwa na mtoto wa kiume! Usiku ule usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Nilianza kuwawaza shangazi zako, ambao hawakupata hata mgomba mmoja. Nikiwa nyumbani sikuwahi kuliwaza hilo, na mpaka leo linaniuma.

Naye akaniuliza, "Kwenu mtu akikosa huombaje radhi?" Nikamweleza kuhusu isale, mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba: ukimpelekea uliyemkosea jani lake, ni vigumu sana akukatalie msamaha. Akataka nirudie. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, laiti angekuwa na jani kama hilo la kumpelekea dada yake. Sijawahi kuionea fahari Machame kama jioni ile, nami nilikuwa mbali nayo.

Desemba iliyopita bibi yako alikutuma uchume isale mpakani mwa kihamba, ukauliza, "Ndiyo nini?" Kosa hilo ni langu na mama yako. Tumekulea Dar, Kichagga chako tukakiacha kiishie kwenye "aika", yaani asante.

Likizo hii tutapanda wote Machame. Bibi ameshasikia habari za ming'oko, anataka kuionja. Muulize mama wa rafiki yako namna ya kuifunga isiharibike njiani, maana safari ni ndefu.

Baba yako