Anayempenda fundi amnunulie mkasi

Mhariri,

Sikukuu zinakaribia na wanangu, nawajua, wataniletea tena doti ya kanga. Nashukuru, ila mimi fundi. Kabati limejaa vitambaa vya watu. Shida yangu mkasi. Mwaka jana mjukuu alikatia boksi mkasi wangu mzuri, na tangu siku hiyo unatafuna hariri badala ya kuikata. Ninunulieni mkasi wa kitambaa, ule mzito, kisha muwaapishe watoto wasiukatie karatasi.

Mfuko haujakaa sawa? Sindano za cherehani zatosha: namba 11 kwa vitambaa vyepesi, 14 kwa kanga, 16 kwa jinzi. Na mafuta ya cherehani, jamani, si ya kupikia. Jirani yangu alijaribu, cherehani ikaganda.

Mama Fundi,
Chumbageni, Tanga